Mwanachuo, nenda kijiji ambacho watakuuliza

Vyuo vikishafunguliwa, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakishaizoea njia ya kutoka hosteli hadi soko kuu, simu yangu huanza kupokea ujumbe wa aina moja: "Shikamoo kaka. Tumeanzisha klabu ya uongozi, tunataka tufanye mradi wa kijamii, tunaomba ushauri wako." Nimesoma hapahapa Mtwara, miradi hiyo nimeifanya nikiwa mwanafunzi, na tangu nimalize nimekuwa mlezi asiye na barua ya uteuzi wa makundi kadhaa ya wadogo zangu, hapa na kwa jirani zetu wa Lindi. Kila mara huwajibu kwa sauti ndefu za WhatsApp ambazo najua hazisikilizwi hadi mwisho. Safari hii naandika.

Ushauri wangu ni mmoja, mengine yote yanatoka humo: kama unataka kujifunza uongozi, peleka mradi wako mahali ambapo kuna mtu mwenye haki ya kukuuliza. Usitafute mahali penye shida kubwa kuliko kwingine kote, wala mahali panapotoa picha nzuri. Tafuta penye watu watakaokuuliza.

Darasani anayekuuliza ni mhadhiri, naye analipwa kwa kazi hiyo. Kwenye serikali ya wanafunzi wanaokuuliza ni wenzako, na baada ya mwaka mmoja au miwili wote mmeshatawanyika. Kijijini anayekuuliza ni mzee ambaye hakukupigia kura, hakukuita, hana haja na cheti chako, na ninyi mkishaondoka yeye yupo. Huwezi kumwamuru. Ukimpa jibu la kuzungukazunguka anavaa kofia yake anaondoka, na kesho yake watu mliowategemea kuchimba msingi hawaonekani. Kumjibu mtu wa namna hiyo, mbele ya watu, kwa Kiswahili cha kawaida, ndicho nilichokipata kwenye miradi ya kijamii na sikukipata kwenye somo lolote la menejimenti.

Sasa angalia miradi ambayo wanachuo wengi huanza nayo. Jumamosi asubuhi, ufukwe wa Shangani, fulana mpya, glavu, mifuko ya taka, picha ya pamoja, saa nne kila mtu amerudi kulala. Sina ugomvi na usafi wa ufukwe. Ninachouliza ni kwamba Jumatatu nani anakuja kuwauliza chochote? Maji yakijaa yanaleta chupa nyingine, na hakuna aliyewategemea. Ninyi mmefanya kazi, lakini hakuna kati yenu aliyeongoza kitu chochote zaidi ya grupu la WhatsApp.

Kama moyo wako uko baharini, sogea kidogo tu, nenda Mikindani ukaonane na kikundi cha wavuvi wanaosimamia rasilimali za ufukwe, wenyewe wanakiita BMU. Waambie mnataka kupanda mikoko. Hapo maswali yataanza siku hiyohiyo. Mtapanda wapi, pale tunapovutia nyavu? Mnajua mkoko uitwao mpira unakaa mbele kabisa kuelekea bahari, na ule uitwao mkandaa unataka nyuma, mahali ambapo maji hayafiki kila siku? Kwa aina kama mkandaa mche wenyewe ni rahisi, unaokota ile mbegu ndefu iliyokwisha kuchipua ikiwa bado juu ya mti, unaichomeka kwenye tope. Kwa hiyo wengi wanadhani kazi yote ni kuchomeka. Mvuvi anajua kwamba ukiuchomeka mahali pasipo pake, unakufa wote, na atakwambia hivyo bila kukupamba. Isitoshe mikoko ni msitu wa hifadhi, TFS, wakala wa serikali wa misitu, nao watataka kujua mna kibali gani. Kabla hujagusa tope umeshajibu watu wa aina tatu. Huo ni mradi.

Kuhusu fulana, niseme moja nipite. Ningekuwa na mamlaka ningezipiga marufuku kwenye mradi wa kwanza wa kila klabu. Nimeona bajeti ambazo fulana zimekula fedha nyingi kuliko saruji, na mtu wa kijijini anaona. Anaweza asiseme, lakini anaona.

Watu wa huku wana mazoezi

Mwanafunzi aliyetoka mkoa mwingine huja na picha kwamba mwanakijiji wa Kusini ni mtu mpole wa kupokea chochote. Hiyo picha iache stendi. Mkulima wa korosho wa Tandahimba, Newala, Masasi au Ruangwa anahudhuria mikutano ya hesabu kila msimu. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kukusanya mazao ghalani yauzwe kwa mnada, uanze kwenye korosho mwaka 2007, amezoea kukaa kwenye mkutano wa AMCOS, chama chao cha ushirika, akisikiliza bei ya mnada, kisha akashuka na mstari wa makato mmoja baada ya mwingine, huu wa nini, huu unakwenda wapi. Anaujua mzani uliochezewa. Anamjua mtu wa kangomba, mnunuzi wa nje ya mfumo, anayekuja na fedha taslimu mwezi ambao nyumbani hakuna kitu. Mwaka 2018 bei ya serikali ilipowekwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaja kusomba korosho, alihesabu mwenyewe kilo zake na alijua anadai kiasi gani. Na mwaka 2013 watu wa Mtwara waliuliza habari ya bomba la gesi mpaka nchi nzima ikasikia. Mtu aliyeuliza habari ya gesi atashindwa kukuuliza habari ya tanki la maji?

Kwa hiyo ukija kujifunza uongozi Mtwara au Lindi umekuja mahali pagumu na pazuri. Kuna pia chombo ambacho wanachuo wengi hawajui kama kipo kwa ajili yao: mkutano mkuu wa kijiji. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, huo ni mkutano wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, na unapaswa kukaa walau mara moja kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, ile yenye wajumbe 15 hadi 25, inafanya kazi zake huku ikiwajibika kwa mkutano huo. Mapato na matumizi yanasomwa hapo. Ombeni msomewe ajenda yenu hapo, msiridhike na kuonana na mtendaji ofisini, mkapiga muhuri, mkaondoka.

Mama mmoja na barua ya tanki

Nitaeleza mradi mmoja kwa urefu, kwa sababu humo kuna karibu kila kitu ninachotaka kusema.

Kundi mojawapo ninalolilea liliamua kuweka gata na simtanki kwenye shule ya msingi, kijiji kimoja cha Mtwara Vijijini ukielekea njia ya Newala. Maji huko ni shida ya tangu zamani. Kadiri unavyopanda uwanda wa Makonde ndivyo maji ya ardhini yanavyozidi kuwa mbali, na nyumba nyingi zinategemea kuvuna mvua. Mwenyekiti wa kundi alikuwa binti wa mwaka wa pili wa ualimu, si msemaji sana, lakini hesabu yake ilikuwa safi. Aliipiga ubaoni hivi. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inatoa lita moja. Bati la madarasa mawili lina urefu wa mita 16 na upana wa mita 8, yaani mita za mraba 128. Mvua ya milimita 20, ambayo kwa masika yetu si ajabu, inatoa lita 2,560. Toa yanayomwagika na yale ya mwanzo ambayo lazima yaachwe yapite na vumbi na kinyesi cha ndege, unabaki na kama lita 2,000. Tanki la lita 5,000 linajaa kwa mvua tatu za namna hiyo. Watoto 400 wakinawa mikono kwa nusu lita kila mmoja, zinatumika lita 200 kwa siku. Tanki likijaa linakwenda siku 25 za masomo.

Hesabu nzuri. Wakaandika barua, ikapita kwa mlezi wa wanafunzi chuoni, ikaenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa afisa elimu, kwa mtendaji wa kata, ikashuka hadi kwa mtendaji wa kijiji. Njia hiyo ni ndefu lakini msiiruke. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atawasaidia mkimheshimu, na atawakwamisha kwa upole mkimruka. Hatimaye wakapewa nafasi kwenye mkutano wa wazazi pale shuleni, chini ya mkorosho, wanaume upande wa viti na mabenchi, akina mama wengi wamekaa kwenye mikeka na khanga zao.

Binti akaeleza. Watu wakapiga makofi. Kisha mama mmoja, mjumbe wa kamati ya shule, akanyoosha mkono akiwa amekaa vilevile.

"Mwanangu, nimekusikia. Mwezi wa tisa mtoto wangu atanawa nini?"

Huku kwetu mvua zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na zinakwisha Aprili, zikijikaza sana Mei. Mwezi wa tisa ni kiangazi kikavu. Wenzake waliokuwa nyuma walianza kunong'ona, mmoja akataka kusimama aeleze habari ya awamu ya pili ya mradi, awamu ambayo haikuwepo hata kwenye karatasi. Binti akamzuia kwa mkono.

"Mama, mwezi wa tisa tanki litakuwa tupu."

"Basi semeni hivyo kwenye barua yenu. Maana mtendaji ametusomea, humo mmeandika mnakuja kumaliza tatizo la maji."

Watu walicheka, binti naye akacheka, na barua ikarekebishwa. Nimeona viongozi wakubwa, wenye magari na wasaidizi, wakishindwa sentensi ile ya kwanza aliyoisema. Hakuwa na kipaji cha ajabu. Alikuwa na hesabu yake mkononi, na alikuwa mbele ya mtu ambaye angekuwepo mwezi wa tisa kuja kulifungua tanki aone. Ukiwa mbele ya mtu wa namna hiyo, uongo unakuwa mzito kuubeba.

Swali la pili lilikuwa la ufunguo, na hili lilichukua muda mrefu kuliko kila kitu. Koki ya tanki ina kufuli. Mwalimu mkuu alitaka ufunguo ukae ofisini. Akina mama wakasema walimu wengi wanaishi mjini, likizo ikifika ofisi imefungwa, na tanki limejaa maji ya Desemba ambayo hayana wa kuyatumia. Mzee mmoja akasema ukitoa ufunguo nje ya shule, maji yatafuliwa nguo. Mwingine akapendekeza ndoo ziuzwe likizo na fedha zitengeneze koki ikiharibika. Mwingine akasema maji ya msaada hayauzwi. Hapo ndipo wanachuo walikuwa na kazi moja tu, nayo ni ngumu kuliko zote kwa mtu aliyesoma: kunyamaza. Si mradi wao tena. Waliandika muhtasari, walirudia kusoma kilichokubaliwa ili kila mtu asikie, basi. Mwishowe funguo zikawa mbili, mmoja ofisini na mmoja kwa yule mama wa kamati, ambaye nyumba yake inatazamana na shule. Ndoo kuuzwa, hapana. Kila kaya inayochota likizo itoe mtu siku ya kusafisha gata kabla mvua hazijaanza. Nisingebuni mimi, na wanachuo wale wasingebuni.

Nataka uone mahali ambapo uongozi ulikuwa. Haukuwa kwenye hotuba ya uzinduzi. Ulikuwa kwenye kujua lini useme na lini uwaachie wenye shule yao wabishane.

Soda

Tanki lilipokwisha kufungwa, kundi liliomba lisome hesabu zake kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Hakuna aliyewalazimisha, fedha zilikuwa za kwao, zimetoka kwenye michango ya wanafunzi na wafanyabiashara wachache wa mjini. Baadhi yao walinung'unika, kwa nini tujianike kwa fedha yetu wenyewe? Nikawaambia kuwa mkiweka kitu kwenye shule ya watu, fedha imeshakuwa ya watu.

Mweka hazina akasoma. Simtanki, gata, mabomba, koki, saruji, mchanga, tofali za msingi, fundi, usafiri wa kuleta tanki, bodaboda, soda kreti mbili. Alipofika hapo mzee mmoja akakohoa.

"Soda hizo alikunywa nani?"

"Za siku ya uzinduzi, babu. Za wageni."

"Fundi alikunywa?"

Fundi, ambaye ni kijana wa palepale kijijini, akajibu kutoka nyuma kwamba yeye siku ya uzinduzi hakuitwa. Mkutano mzima ukaangua kicheko. Mweka hazina akasubiri kicheko kiishe, akasema, "Nyingine tulikunywa sisi, babu." Mzee akatikisa kichwa, "Haya mjukuu wangu, endelea," na akaendelea hadi mstari wa mwisho, mpaka salio.

Kama mnataka mafunzo ya usimamizi wa fedha, nendeni mkasome hesabu mbele ya watu wa namna ile. Baada ya hapo daftari la kundi lilianza kujazwa siku ileile fedha inapotoka, risiti zikawa zinabandikwa, na fedha ikawa haitoki kwenye simu ya mtu mmoja bila mwingine kujua. Sikuwapa semina. Nasema wazi pia kwamba kiongozi ninayemtarajia zaidi katika kundi lile si mwenyekiti, ni mweka hazina. Kila klabu inagombea nafasi ya mwenyekiti, na ile ya daftari anasukumiwa mtu aliyechelewa kikao. Ningekuwa mwanafunzi leo ningeiomba ya daftari.

Wale wanaoweza kuondoka wakati wowote

Kuna upande mwingine wa kuulizwa, nao ni wenzako. Klabuni hakuna mshahara. Mtu asipokuja, utamfanya nini? Makundi mengine huweka faini, na nimeona faini zikiua klabu kwa mwezi mmoja. Hoja ya mwanachuo na kulitumikia taifa ni ya zamani nchini kwetu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kwenda JKT kwa lazima, Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400 wakarudi makwao. Watu bado wanabishana nani alikuwa na haki, na mimi siingii humo. Ninachokikumbuka ni kwamba wanafunzi wale waligusia mishahara minono ya wakubwa, na palepale Mwalimu akatangaza kupunguza wake kwa asilimia 20. Aliyewataka wengine wajinyime aliulizwa, akajibu kwa mfuko wake.

Kwa klabu maana yake ni vitu vidogo. Mwenyekiti asipande bodaboda peke yake wakati wengine wanabanana kwenye Haisi. Asimamie zamu ya kubeba mchanga akiwa na ndoo mkononi. Na muhimu kuliko yote, msiweke mchango wa fedha kuwa kiingilio. Si kila mwanafunzi ana mkopo, na mwenye mkopo naye bumu likichelewa anakula mihogo na ming'oko kama wengine. Klabu inayodai elfu tano kila mwezi inajichuja yenyewe ikabaki na watoto wa wenye uwezo, kisha inakwenda kijijini kufundisha habari ya usawa. Acheni mtu achangie siku yake ya kazi, iandikwe kwenye daftari kama fedha inavyoandikwa.

Zaidi ya hapo, gawa kazi kwa jina na tarehe. "Tutafuatilia" haina mwenyewe. "Wewe ndiye unayekwenda kwa afisa elimu Jumatano, na Jumatano jioni unatuambia alichosema" ina mwenyewe, na hata yule mkimya wa kundi anakua.

Lindi, na swali la mjomba

Si lazima muwe chuoni. Likizo ndefu, kuanzia mwezi wa nane hadi wa kumi, mwanachuo yuko nyumbani, na kidato cha nne wako wiki chache tu kabla ya mtihani wao wa taifa wa Novemba. Kundi la vijana wa Lindi waliokuwa wanasoma vyuo mbalimbali walijikusanya wakafundisha hesabu na fizikia jioni, bure, mjini. Kazi safi, wanafunzi wakajaa. Aliyekuja kuuliza hakuwa mwalimu wala afisa. Alikuwa mjomba wa binti mmoja wa Kitunda, ng'ambo ya ghuba. Kusini ukoo unafuata upande wa mama kwa makabila mengi, Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, na mjomba ana kauli nzito juu ya mtoto. Ukimpata baba peke yake hujamaliza.

Mjomba alisalimiwa, akakaa, akauliza jambo moja tu: binti yake anavuka maji saa ngapi, na anavuka na nani? Masomo yalikuwa yanaisha giza likiingia. Vijana wale walikuwa wamejiandaa kwa maswali ya silabasi. Wakajadiliana palepale, masomo ya wasichana na ya wote wa Kitunda yakahamishiwa Jumamosi asubuhi. Wavulana kadhaa wa mjini wakalalamika kwamba Jumamosi asubuhi wana mpira. Hilo nalo lilihitaji jibu. Sikuahidi kwamba kila swali lina jibu linalompendeza kila mtu.

Ukifanya kazi na wasichana, au kwa jambo lolote la aibu kama taulo za kike, kuna swali ambalo halitaulizwa mkutanoni kabisa. Litaulizwa kisimani au jikoni, kwa dada aliyeko kwenye kundi lenu, siku ya pili. Kama kundi lina wavulana watupu, hilo swali hamtalisikia na mtadhani hakuna.

Kalenda

Vyuo vingi vinafunguliwa wakati uleule korosho zinaanguka. Oktoba hadi Desemba mwanakijiji yuko shambani anaokota, ghala la AMCOS limejaa, watu wanasubiri mnada. Msiitishe mkutano wakati huo kisha mkasema wananchi hawana mwamko. Desemba na Januari kuna kulima, barabara za vumbi zinakuwa tope, na fedha za korosho zikiingia kuna ngoma na shughuli za watoto wanaotoka jandoni na unyagoni. Mwezi wa sita watu wanaanza kupuliza salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, na asubuhi yote iko shambani. Ijumaa mchana usiguse. Ramadhani panga mikutano ya asubuhi na kazi nyepesi.

Kinachobaki si kingi: Machi ya mwisho, Aprili, Mei. Ndiyo maana nawaambia wanaoniandikia Novemba kwamba hawajachelewa, wamewahi. Muhula wa kwanza utumieni kwenda kusalimia bila kuahidi chochote, kumjua mtendaji na mwenyekiti, kukaa kwenye mkutano mkuu mmoja mkiwa wasikilizaji, na kusogeza barua ofisi kwa ofisi. Januari na Februari mna mitihani na mapumziko, na mvua ndiyo hiyo inanyesha, nendeni siku moja mkaone maji yanapita wapi. Kazi yenyewe ianze Machi ikiisha. Makabidhiano yafanyike Mei, kwa maandishi, mbele ya mkutano, mkiwa na majina mawili ya watu wa kijiji watakaopigiwa simu na majina mawili ya wanachuo wa mwaka wa kwanza au wa pili watakaopokea simu hiyo. Wa mwaka wa tatu wasiandikwe hapo. Julai wakimaliza UE, mitihani ya mwisho, wanafunga mabegi, na laini za simu wanabadilisha. Fundi awe ameshalipwa chake chote kabla ya siku ya uzinduzi, na siku hiyo aitwe.